Nilichorithi kwa Baba

Mdogo wangu Andrea,

Niwie radhi kwa ukimya wa miezi hii, nilikosa maneno. Nina saratani ya tezi dume. Hapa Tunduma nimewapata wanaume wenye ugonjwa huohuo, ambao hukutana kila Jumamosi kunywa chai na kuambiana ukweli. Dereva mmoja wa lori aliniuliza, "Mzee, umerithi nini kwa baba yako?" Nikajibu kwa sentensi kamili, kama nilivyowafundisha wanafunzi wangu, "Nilirithi ekari mbili za kahawa, kijijini Isansa." Walicheka hadi chai ikamwagika. "Tunauliza ugonjwa, Mwalimu!"

Nikawasimulia jinsi baba alivyoteseka na mkojo hadi kufa, kisha baba mdogo vilevile, nasi tukamsingizia jirani uchawi. Kicheko kilikatika. Dereva akauliza taratibu, "Una ndugu wa kiume?" Nikawatajia jina lako, Andrea. Sikuwa nimekufikiria hata mara moja.

Wamenipeleka kwa daktari bingwa Mbeya, naye ananitaka nichague upasuaji au mionzi. Msalimie shemeji na watoto, nawakumbuka sana. Nikishaamua nitakuandikia, lakini wewe usingoje barua hiyo ndipo ukapime.

Kaka yako