Lonán Yupi

Jumatatu, 4 Julai 1836

Leo nimesema uongo. Tena kwa Kiingereza!

Amekuja bwana wa serikali anayechora ramani. Anataka kujua ni nani aliyelala chini ya lile bamba la jiwe, kwenye gofu la kanisa. Kiairishi, lugha yetu, hajui hata neno, basi nikaitwa mimi nitafsiri, kwa kuwa nimesoma lugha zote mbili. Mimi, ambaye nikisalimiwa tu natazama vidole vya miguu!

Bibi Neasa, mtunza kengele ya mtakatifu wetu Lonán, alisema wazi. Watakatifu kina Lonán walikuwa wengi, wanne au sita. Huyu wetu wa chini ya bamba yeye hamjui, huenda hata si Lonán. Na kengele yenyewe wazee wetu waliipora kwa watu wa Bondeni, ng'ambo ya mto.

Mjomba Tadhg alikuwa nyuma yangu na fimbo yake. Akaninong'oneza: mwambie ni mmoja, na ni wetu.

Nikasema: ni mmoja. Yuko hapa. Bwana akaandika.

Jumatano, 6 Julai

Bondeni wamesikia. Nao wana kaburi la Lonán – wanasema lao ndilo!

Kaka Éimhín amerudi kutoka sokoni taya limevunjika, meno matatu kiganjani. Kapigwa na Conmhach wa Bondeni, kwa jiwe ndani ya soksi. Eti alimwambia, "Msalimie mtakatifu wenu, dogo! Mwambie akushone."

Mama anamnywesha maziwa kwa bua la shayiri. Maziwa yamekuwa mekundu.

Sijamwambia mtu kuwa chanzo ni uongo wangu.

Jumamosi, 9 Julai

Wamepigana kivukoni, mchana kweupe. Mjomba alimpiga Conmhach kisogoni. Akaanguka kifudifudi majini. Mjomba akapanda mgongoni kwake akasimama. Akasimama tu! Kama mtu anayesubiri mvua ipite.

Niliona. Nilikuwa na ndoo mkononi. Sikupiga hata kelele.

Nyumbani anacheka: "Si mimi jamani, ni Lonán kampiga!" Wote wakacheka. Éimhín naye akacheka, taya likafumuka upya.

Jumapili, 10 Julai

Wote wako misani. Nimebaki na Éimhín, amelala.

Mlango umegongwa. Mama yake Conmhach! Peke yake, miguu mitupu, sketi imelowa mpaka magotini – amevuka palepale kivukoni. Ameshika kengele. Bibi Neasa kampa kwa mkono wake.

"Usiogope, binti. Sikuja kupigana. Kwetu wanasema mwanangu kafa kwa ajili ya Lonán. Kwenu mnasema Lonán ndiye kamuua. Sasa ni yupi? Wewe ndiye uliyemwambia yule bwana aandike. Shika kengele, uniambie."

Anayeapa uongo kwa kengele hii hupindika mdomo. Nimekua nikiambiwa hivyo. Nikisema kweli, Mjomba atamfanyia nini Bibi Neasa? Atanifanya nini mimi?

Nimemwambia asubiri, nachukua shali. Niko nyuma ya pazia naandika, mjinga mimi! Nimeandika jibu: *simjui*. Nimekata. Nimeandika tena.

Misa imekwisha. Nawasikia njiani, sauti ya Mjomba ndiyo kubwa. Nimemwambia mama wa watu akimbie, mlango wa nyuma uko wazi. Hajasogea. Amevuta kiti akaketi. Kengele ameiweka mezani, karibu na kikombe cha Éimhín, na mpini kaugeuzia kwangu –