Vidole Viwili vya Mbao

3 Machi

Baba,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila miguu inavimba, kiwandani tunasimama kutwa. Oda za nje zinazidi kumiminika, ndiyo maana likizo yangu ya Aprili imesogezwa hadi Juni.

Nimekutumia mashine ya kufagia, moja ya zile tunazounganisha hapa. Inajiendesha yenyewe. Ikikwama itaita, usishtuke, ni sauti yangu. Walinirekodi kitengo chetu kilipoanza, kwa sababu nilikuwa karibu na mlango. Mwombe jirani aiunganishe na mtandao wake.

Mwanao


21 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni uleule, tumeshazoeana.

Mfagizi wako amefika, na jirani amemuunganisha. Anazunguka meza vizuri, akiingia chini ya kitanda anakwama, anaanza: "Nimekwama, njoo unitoe!" Mara ya kwanza niliitika "naam!" huku nanyoa ndevu, nikajikata. Kwenye simu sikusikii, sauti inakuwa ya mbu. Huyu anaita kwa nguvu.

Baba yako


6 Aprili

Baba,

Shikamoo. Pole kwa kidevu. Kitanda umekitengeneza mwenyewe, basi weka vipande vya mbao chini ya miguu yake. Kikipanda vidole viwili tu, mashine haikwami tena. Fundi seremala mzima unashindwa na kitanda?

Mwanao


19 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mbao ninazo, ila sitaki. Kila asubuhi namwasha, naketi na chai yangu, nasubiri. Akiita naenda, nainama, namtoa. Jirani anasema kwa mchezo huu mgongo hautapona. Mwache aseme. Tangu mama yako afariki nyumba imekuwa kimya mno.

Nimekukumbuka. Juni uje kweli.

Baba yako


30 Mei

Baba,

Shikamoo. Natumai hujambo. Mimi sijambo.

Juni siji. Meneja amefuta likizo zote mpaka mwisho wa mwaka, kuna nchi mbili zaidi zimeanza kununua. Nilimsikiliza, nikarudi mahali pangu, nikaendelea kufunga brashi. Sikulia. Nilingoja machozi, hayakuja.

Halafu kuna jambo jingine. Wanunuzi wapya wanataka sauti laini zaidi, kwa hiyo ofisi imemlipa mtangazaji wa redio. Wiki hii mashine zote zinabadilishwa sauti kupitia mtandao, hata hiyo yako. Nimeambiwa leo.

Mwanao


15 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima.

Barua yako imenikuta nimeshajua. Jumanne mashine ilikwama, akaita mwanamke mwingine. Ana adabu, anasema "tafadhali". Sikuinuka. Nilikunywa chai, naye akaita mpaka betri ikaisha.

Jana nilikata vipande vinne vya mbao, nikakiinua kitanda. Sasa inaingia na kutoka bila shida, wala haina la kuniambia. Usijilaumu kwa Juni, kazi ni kazi.

Mgongo umeanza kupata nafuu.

Baba yako