Yona, Fuata Moshi

Yona mwanangu, jana tena waliokwenda kukutafuta wamerudi bila wewe. Walifika mpaka Sekenke, wakachungulia mashimo ya zamani ya dhahabu, shimo kwa shimo, wakaita jina lako. Hamna. Wamerudi na vumbi mpaka kwenye kope, wakanywa maji, na hakuna aliyenitazama usoni. Leo hakuna aliyekwenda. Wanasema mawingu yamejikusanya, kila mtu akaandae shamba lake.

Kuandika sijui, unanijua. Anayeandika ni mdogo wako Eliwaza, kwenye simu, halafu atairusha huko kwenye makundi yao isomwe na kila mtu. Na wewe uliye karibu naye, popote ulipo, ukimwona mzee mrefu, koti la suti na kandambili, anasema anawahi darasani, huyo ni profesa wangu. Anasahau. Msomee hii, polepole. Akikupa shikamoo usimcheke, ni ugonjwa. Alimpa shikamoo hata Eliwaza, mdogo wake ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni! Eliwaza akaenda kulilia zizini. Andika, Eliwaza, usiruke.

Yona, unakumbuka kigae? Asubuhi nikikuta moto umezimika nakutuma kwa bibi Nakijwa, unarudi na kaa la moto kwenye kigae, mbio. Bibi Nakijwa alikuwa mtu mwema, ila maziwa yake alikuwa anayatia maji, haya, tumwache apumzike. Unaingia unahema: "Mama, mbona nikikimbia kaa linang'aa, nikisimama linafifia?" Nikakujibu, "Uliza moto, mimi nina ugali hapa." Basi ukauliza moto maisha yako yote. Ukavuka mpaka bahari kwenda kuuliza moto. Ukafundisha watoto wa watu, ukaota mvi, bado unauliza.

Siku moja ulikuja likizo nikakubana. Hiyo kemia yako ni nini hasa? Ukasema, "Mama, kuni inapata joto, inatoa pumzi, pumzi hiyo ikikutana na hewa ndiyo inawaka. Mimi natafuta inawaka kwa kasi gani, na nini kinaiwahisha au kuichelewesha." Nikasema, "Hata mimi, mgeni akishakaa sebuleni na kuni hazitaki kuwaka, nauliza hivyo hivyo." Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Nautaka ule mcheko, Yona. Nimeukosa hata kabla hujapotea.

Ulipostaafu, kichwa kikiwa bado chako, ukanijengea jiko la udongo lenye bomba la kutolea moshi. Kijiji chetu chote cha Kinyangiri kilikuja kutazama. "Profesa mzima anakanyaga udongo!" Wewe hata hukugeuka. Ukaniambia, "Mama, moshi ni kuni ambayo haikuungua. Ukiona moshi, ujue moto umeshindwa kazi." Na kweli macho yangu yakakauka, kifua kikatulia. Hata ulivyoanza kusahau, jiko hukulisahau. Unasahau kama umekula, unasahau mkeo tulishamzika, unamwita. Lakini ukipita jikoni unainama, unasogeza kuni, unasema, "Hewa, mama, hewa."

Sasa sikia ninachofanya. Lile jiko nimeliacha limepoa. Nimepanga mafiga juu ya jiwe kubwa nyuma ya zizi, natia kuni mbichi, majani, mavi ya ng'ombe yasiyokauka. Moto ulioshindwa kazi kabisa! Moshi unapanda mweupe, bonde zima linauona. Kwa sababu nakujua, mwanangu. Njia unaweza kuisahau, na mimi unaweza kunisahau, lakini ukiona moto mbaya huwezi kuupita. Utakuja kugomba. Njoo ugombe, Yona. Njoo uniite mjinga, nitaitika.

Huyu mama Neema jirani, mkwe wa bibi Nakijwa, nguo zake zote zinanuka. Jana kapiga kelele uani: "Mama Yona, unatufukiza kama nyuki!" Nikamwambia, "Nyuki wako wako mzingani. Wangu hajarudi." Akaanua nguo zake, akaingia ndani. Mchungaji naye Jumapili kasema wewe ulikuwa mtu wa watu. Ulikuwa! Nikasimama katikati ya ibada nikasema, "Yuko." Nikakaa. Watu wakatazama chini, wakawa kama waliokwisha kunipa pole.

Baba yako nilimzika, mkeo nikamzika. Wewe sikuziki, sina tena nguvu ya kazi hiyo. Macho yanatoka maji siku nzima na sijui kama ni moshi au ni wewe. Naogopa, Yona. Naogopa unatembea na kiu, unasalimia watu wasiokujua, na hakuna wa kukwambia kwenu ni wapi. Kwenu ni huku kwenye moshi. Ukiuona, usi...

Nani anaita? Eliwaza, sikiliza, huyo siyo mama Neema?

"Mama Yona! Mama Yona, toka, mvua hiyo! Moto wako unaloa!"

Mungu wangu. Mvua tuliyoililia toka mwezi ule, si ndiyo inashuka leo! Sikia wanavyopiga vigelegele. Eliwaza, chomoa lile bati la banda la kuku, tuukinge moto. Mwambie mama Neema ashike upande wa pili, nakuja.

Hapo mwisho weka tu, mama yako. Twende.