Kadi Niliyoitundika Kwenye Usukani

Dada yangu mpenzi,

Kabla ya salamu, nisamehe. Miezi mitatu bila hata mstari mmoja ni mingi, na simsingizii mtoto, ingawa huyu analala kwa zamu kama mlinzi. Mgongo wako umepona? Shemeji bado anakoroma? Sisi wazima. Mtoto ana meno mawili na akinyonya ananing'ata bila huruma.

Nimerudi karakana ya shamba, wiki ya pili sasa. Nilidhani nafasi yangu inanisubiri. Nikamkuta dada mmoja, ovaroli imepigwa pasi, kaja kufunga kifaa cha kuliwezesha trekta kujishikia usukani lenyewe. Fundi mkuu anamwita Bi Kompyuta. Zamani trekta likigoma naitwa mimi. Sasa naitwa kushika tochi. Na baba mtoto, dereva wa trekta hilo hilo, kakaa mezani kwangu anasema yule dada ana mkono mwepesi, hamwagi hata tone la mafuta. Nikamwambia basi akampelekee soksi zake amfulie. Alicheka. Mimi sikucheka.

Alhamisi fundi mkuu akaniagiza nimtayarishie Bi Kompyuta trekta. Kazi hiyo naijua nimefumba macho: uliegeshe pasipo mteremko, ushushe jembe mpaka chini, uzime injini, ufunguo uutie mfukoni, kisha uzungushe usukani kushoto na kulia mara kadhaa mpaka presha iliyobaki kwenye mabomba iishe. Ndipo unafuta vumbi kwenye viungo na kutundika kadi ya kusema tayari. Mafuta ya presha hayana mzaha, Dada. Yanapenya ngozi kama sindano, na mtu anaweza kukatwa mkono.

Nilifanya yote. Usukani sikuuzungusha.

Bi Kompyuta akaja na spana. Fundi mkuu akamuuliza kama amekagua. Akajibu kwamba kaona kadi yangu, na baba mtoto alishamwambia kuwa mke wake akitundika kadi, hakuna haja ya kurudia. Akanigeukia kuniuliza kama mtoto amelala vizuri, huku spana imeshashika nati ya bomba la mafuta.

Nikapiga kelele aache. Nikapanda juu, nikauzungusha usukani ule mpaka mabega yakaniuma.

Wote wakasema nimesahau kwa uchovu wa kunyonyesha. Fundi mkuu akaniruhusu niende nyumbani mapema. Bi Kompyuta alinishukuru. Alinishukuru, Dada!

Sikusahau. Wewe ndiye wa kwanza kulijua. Nilikaa kwenye kiti kile, mikono juu ya usukani, nikataka amwage japo mara moja, baba mtoto akiona. Nilitaka doa tu kwenye ovaroli ile. Lakini presha haijui doa wala mkono, na hilo nililijua hata nilipokuwa nashuka.

Jumatatu nitamwambia Bi Kompyuta mwenyewe, kisha fundi mkuu. Wakininyang'anya kadi, wana haki. Usinishauri ninyamaze.

Msalimie Mama, ila hili nitamweleza mwenyewe.

Ni mimi, mdogo wako.

Ninavyohitaji bado: nepi za kitambaa kumi na mbili, lile sweta la njano la mwanao, kama limeshambana, glavu nene za saizi yangu, na miwani ya kazi, ile inayoziba mpaka pembeni. Miwani tuma mbili. Yule dada akiikataa ya pili, nitakurudishia.