Sura Yako Kwenye Sabuni

Baba Mwanahawa,

Pumzika huko kaburini mume wangu, lakini nisikilize. Ile picha uliyopigwa na wageni wa kiwanda, umeshika mche unacheka mapengo yote nje, sasa iko kwenye kila sabuni kuanzia hapa Handeni mpaka Korogwe. Chini yako wameandika: "Kila kipande ni mti mmoja, na maji kwa yatima." Watu wananunua kwa ajili ya uso wako. Hata mimi nilifulia nikijivuna, huyu ni wangu!

Mti uko wapi? Tulichimba mashimo tangu alfajiri, tukawachinjia jogoo. Picha zilipokwisha, wakapakia miche ileile garini, wakaenda kupigia picha nyingine Mnyuzi. Nilipotaka kusema ukanibana mkono: "Nyamaza mama, mgeni haulizwi." Kijiji kizima tukanyamaza. Leo mashimo yale yanavunja mbuzi miguu, na yatima bado wanachota bwawani pamoja na ng'ombe.

Sasa anayekagua matangazo ya bidhaa ni mwanao Mwanahawa. Huyuhuyu uliyemwita Kidomo! Kawaambia wenye kiwanda: anayejisifia miti na yatima atuonyeshe miti na yatima, la sivyo afute maneno. Nani mwingine kazaa hivi hapa Handeni? Nitajie.

Lakini toka siku hiyo, baba, hali si nzuri. Walianza kwa upole, wakaniletea mchele na katoni za sabuni. Nilipokataa, wakauliza Mwanahawa amepanga wapi Korogwe, na jioni hurudi kwa njia gani. Waliuliza wanatabasamu. Tangu jana gari lao limesimama pale kwenye mkonge, vioo vimefungwa, na jua lote hili. Majirani hawaji tena hata kuomba chumvi.

Kesho kuna kikao cha shauri hilo Korogwe. Anatakiwa mtu aliyekuwepo siku ya picha, na wenzetu wote wameugua ghafla. Mwanahawa kanipigia: "Mama, kama unaogopa usije." Mimi, niogope? Nilimcheka. Naogopa, mume wangu. Nakuambia wewe tu.

Nitavaa ile kanga mpya, niende nikaseme nilichokiona.

Lala salama. Nakuahidi, sura yako nitaitoa kwenye uongo wao. Na nikichelewa kurudi nyumbani usishtuke, nitakuwa nakuja huko kukusimulia mwenyewe.

Mkeo,
Mama Mwanahawa