Daftari Lako la Kitenzi "Get"

Dada yangu Bi Rukia, shikamoo.

Kabla sijakuuliza miguu yako inapatanaje na ngazi za maghorofa ya Michenzani, nikwambie nililokuficha tangu ujana wetu. Insha iliyonileta Uingereza haikuwa yangu. Ilikuwa yako, neno kwa neno. Daftari lako halikuharibiwa na mvua kama nilivyokudanganya. Nililinakili, kisha nikalichoma.

Mimi hapa Manchester moyo umechoka, na daktari hakunificha. Juzi niliwaita wanangu nikawaeleza yote. Walinuna, kisha yule mkubwa akasema, "Baba, si umwandikie mwenyewe?" Tangu hapo kifua chepesi, hata chakula kinapita.

Unakumbuka Kizimbani, baba alipokuwa mfanyakazi wa shamba, sisi tukichambua karafuu jamvini? Wewe ulishatolewa shule, lakini kamusi kuukuu isiyo jalada haikukutoka mapajani. Kila ukigundua matumizi mapya ya "get", uliyaandika daftarini ukaweka kikonyo kimoja cha karafuu pembeni: kuamka, kuolewa, kuugua, kufika nyumbani, yote wanasema kwa kitenzi hicho hicho. Mama akauliza, "We Rukia, unachambua karafuu au unacheza bao?"

"Mama, Waingereza hawa wavivu! Kitenzi kimoja wanakitwisha mizigo yote. Na wala si chao, wamekitoa kwa watu wa kaskazini waliowavamia kwa meli, wakakaa wakawatawala."

Mama akaangua kicheko. "Kumbe na wao walitawaliwa!"

Kicheko hicho tu ndicho nisichokiandika. Mengine yote niliyapeleka kwa mwalimu wetu Mwingereza kwa mwandiko wangu. Baadaye nilifundisha Kiingereza hadi kustaafu, na somo walilolipenda zaidi wanafunzi wangu lilikuwa hilo lako. Walinipigia makofi, nami nikayapokea.

Nisalimie binti yako Time, fundi cherehani wetu, na mumewe. Msalimie pia jirani yako Bi Mwanaidi anayekupandishia maji, Mungu amlipe. Ukikasirika, kasirika, dada, ni haki yako. Mimi nimeshukuru kuwahi kusema.

Ni mimi mdogo wako Haroub. Siku ile mwalimu alipomaliza kuisoma insha, aliniambia, "Kama yupo aliyekusaidia, mlete na yeye. Nafasi za masomo ziko mbili."

Nikamjibu, "Hakuna mtu, mwalimu."