Kipaza Sauti Ndani ya Msondo

Salimu mjukuu wangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku hatujambo. Bibi yako goti lamtesa, ila ulimi mzima.

Waniuliza kipaza sauti ukifunge wapi ndani ya msondo, juu karibu na ngozi au chini kwenye tundu. Umeuliza penyewe. Tanga nzima wa kunishinda kwa msondo hajazaliwa.

Harusi moja pale Raskazone magitaa yalinimeza, nikapiga mpaka viganja vikawaka, hakuna aliyenisikia. Nikaapa kesho yake watanisikia. Nikaazima kipaza sauti, nikakifunga karibu na ngozi. Bibi yako, siku hizo muimbaji wetu tu, akacheka: "We Bakari, hiyo ngoma au debe?"

Wenzangu wakasema niache. Niache mie? Nikaulaza msondo, mnene ule, nikatia kichwa kwa chini mpaka mabegani. Nikamwambia bibi yako, "Piga!"

"Ukikwama humo mie simo," akajibu, akapiga kama anatwanga.

Salimu, niliupiga tangu sina ndevu, wala sikuwahi kuusikia kutoka ndani! Karibu na ngozi sauti kali, kwenye tundu nzito yavuma, na katikati pana mahali zakutana. Nikakining'iniza hapo kwa vipande vya mpira wa baiskeli, kisiguse mti. Jioni ile magitaa ndiyo yaliyonifuata mie.

Kipimo sikupi, msondo wako si wangu. Tia kichwa, mwenzio apige. Kisha uniandikie umesikia nini, maana mie nausikia wangu tu.

Babu yako,
Bakari